Mifupa Mizima

Spika, jirani tuliyempa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa saa nne asubuhi, yeye amekaa mlangoni kwake, chumba cha kwanza chini kabisa, anachambua maharage. Mara akamwona yule fundi cherehani wa ghorofa ya pili anapanda ngazi kwa makalio. Ndiyo, kwa makalio. Amegeuza mgongo, mtoto kamfunga kifuani, anajisukuma kwa mikono, anaketi ngazi moja, anapumzika, anaketi nyingine. Na anacheka. Spika anasema alimsikia akicheka peke yake, na alipomsalimia hakuitikia. "Yule kalewa," akamwambia muuza mkaa. "Mtoto ana wiki saba, mama keshaanza chupa!" Ilipofika saa sita chupa zilikuwa mbili. Ilipofika jioni mtoto alikuwa ameshadondoka ngazi tatu, akadakwa na Spika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, maharage yote yakamwagika.

Maharage hayakumwagika, maana aliyala usiku ule ule. Na hakuna mtoto aliyedondoka.

Fundi hakucheka pia. Alikuwa ameuma pindo la kitambaa cha kubebea mtoto ili asipige kelele, na pumzi ikawa inamtoka puani kwa vishindo. Alishuka kwenda bombani kufua nepi. Zilikuwa kumi na moja, kwenye beseni, katikati ya chumba, tangu jana yake, na mtu mwingine anayeishi chumba hicho alikuwa amelivuka hilo beseni mara nne bila kuliona. Kushuka aliweza, kwa kujibana ukutani. Kupanda ndiko kulikomshinda. Akinyanyua mguu wa kulia, mfupa wa mbele, pale chini kabisa tumbo linapoishia, unamuuma kama mtu anaupasua vipande viwili, na nyuma, juu kidogo ya kalio, kitu kinakwama hakitaki kwenda mbele wala kurudi. Ngazi ni thelathini na mbili. Alisimama kwenye ya kwanza mpaka mtoto akaanza kulia kwa njaa. Basi akageuka, akaketi, akaanza kupanda alivyoweza.

Salamu ya Spika aliisikia. Pindo lilikuwa mdomoni.

*

Mume wake ni makanika wa pikipiki. Habari ilimkuta gereji, amelala chini ya pikipiki ya mtu, uso umejaa grisi.

"Makanika," mwenzake mmoja akamwita, "kumbe nyumbani una chombo kinachotembea rivasi tu?"

"Nini?"

"Shemeji bwana! Wanasema anapanda ghorofani kinyumenyume. Kakague gia."

Wakacheka wote. Makanika naye akacheka. Alicheka kwa sababu ukiwa chini ya pikipiki na watu watano wamesimama juu yako wanacheka, utafanya nini? Lakini kile kicheko alikimeza kama msumari, akaenda nacho mpaka nyumbani.

Alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda anamnyonyesha mtoto. Mtoto wanamwita Kitufe kwa sababu ya pua yake.

"Umekunywa?" akauliza kabla hajavua viatu.

"Ninuse."

Hakumnusa. Akaketi kwenye stuli ya cherehani, akaanza kuvua viatu taratibu, kama mtu anayepanga maneno.

"Watu wanasema."

"Watu gani? Hao watu ni Spika."

"Si Spika peke yake. Wewe ukigeuka kitandani unapiga kelele, majirani wanadhani nakupiga. Juzi mwalimu wa chumba cha pili kaniita pembeni. 'Bwana, nyumbani mambo salama?' Kwa upole, kama anaongea na jambazi. Mimi! Tangu nikuoe nimewahi kukugusa hata kwa kibao?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

"Sasa mwambie mwalimu mkeo anaumwa."

"Anaumwa nini? Akiniuliza anaumwa nini, nimjibu nini?"

Fundi akamshika mkono, akaupeleka mahali penyewe, juu ya gauni. Makanika akauacha hapo kidogo halafu akauondoa.

"Si ndipo alipopita mtoto? Lazima paume."

"Wiki saba?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si mwanamke." Akasimama. "Ndiyo maana nimempigia mama. Anakuja kesho."

Fundi alimtazama. Siku arobaini na tisa alikuwa anamweleza mtu huyu jambo lile lile, na sasa amekwenda kuuliza kwingine.

*

Mama mkwe alifika na begi moja kubwa na mfuko mmoja mdogo. Mtu akitaka kumchukia asingepata nafasi, maana kabla hajakunywa hata maji alishazishusha nepi zote bombani, akazifua, akazianika, akapanda ngazi thelathini na mbili na ndoo kichwani, akadeki chumba, akapika, akampakulia mkwewe chakula cha kwanza. Alifanya yote hayo na miaka yake sitini na kitu. Halafu akaketi, akapangusa jasho, akaanza.

"Mimi nimezaa sita. Wa tatu nilimzaa alfajiri, jioni nikaenda kuchota maji. Nani alinipa pole?"

"Hukuumwa, mama?"

"Kuumwa ndiyo nini? Mwanamke anajikaza kisabuni, siku zinakwenda."

Kesho yake asubuhi alimwona Fundi anavaa nguo ya ndani. Fundi alikuwa ameshikilia kichwa cha cherehani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameitega nguo chini, anaiwinda kwa kidole gumba cha mguu. Hakuweza kusimama kwa mguu mmoja. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu akaketi sakafuni, akaivaa huko huko kama mtoto wa miaka miwili, mama mkwe amesimama na kikombe cha chai anatazama mpaka mwisho.

"Wewe binti una miaka mingapi?"

"Ishirini na nne, mama."

"Nilidhani umenipita."

Sare za shule zilikuwa zimepangwa juu ya meza tangu mwezi uliopita, mashati ishirini yaliyokatwa, hayajaungwa. Mama mkwe akazipapasa.

"Hizi za nani?"

"Za wateja."

"Wanasubiri nini?"

"Mimi nipone."

"Cherehani si unakaa? Unakaa kwenye stuli, unakanyaga. Wenzako wanalima na mimba. Hebu kaa nikuone."

Fundi akakaa. Alikaa kwa hasira. Alitaka kazi ile imwonyeshe mama huyu kitu ambacho mdomo ulishindwa kuonyesha. Akatia shati chini ya sindano, akaweka miguu yote miwili kwenye pedeli, akazungusha gurudumu, akakanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Kazi hii ameifanya tangu ana miaka kumi na sita, angeweza kuifanya amelala. Sasa kila pedeli ilipokwenda chini, upande mmoja wa nyonga ulikwenda nayo na upande mwingine ukabaki juu, na pale katikati mbele mifupa ikasagana. Alishona bega moja. Alishona la pili. Kwenye kola mshono ukaenda upogo, na alipotaka kunyanyuka akagundua kwamba hanyanyuki.

"Mama, nishike."

"Umechoka kukaa?" mama mkwe akauliza, na alikuwa anauliza kweli, hakukejeli. "Kuna mtu anachoka kwa kukaa?"

Jioni Makanika aliporudi, mama yake alimngoja ale kwanza, anawe, ndipo akasema.

"Jumamosi naondoka. Na Kitufe naondoka naye."

Kijiko kilibaki mkononi mwa Fundi.

"Wapi?"

"Kwangu. Nitamlea. Mwaka, miaka miwili, mpaka wewe utakapoacha hii michezo. Mtu anayeketi kwenye ngazi na mtoto kifuani, siku moja atamwacha huko huko."

"Ananyonya, mama."

"Ataachishwa. Maziwa ya kopo yapo madukani, nimekuja na kopo la kuanzia." Akaugonga ule mfuko mdogo kwa mguu. Kwa hiyo alikuja nalo. Kabla hajamwona mkwewe, kabla hajauliza swali hata moja, kopo lilishanunuliwa.

"Mama," Makanika akaanza.

"Wewe nyamaza. Nani alinipigia simu analia? Mimi au wewe?"

Fundi akaweka kijiko chini. Sauti ilimtoka sawasawa, na hilo lilimshangaza hata yeye.

"Nikileta karatasi ya hospitali?"

"Karatasi ikisema unaumwa, siendi popote. Nitabaki hapa, nitakuogesha kama nilivyomwogesha huyu." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Lakini ikisema huumwi, sitaki kusikia neno tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hapo ndipo Fundi alipokosea. Alidhani hospitali wataona kilichopo.

*

Alhamisi alifika mapema. Makanika alimpeleka kwa pikipiki ya mteja, amekaa kiupande, magoti ameyabana, na kila shimo la barabara lilimfikia. Akamwacha getini akawahi kazini.

"Mtoto ana nini?" muuguzi wa mapokezi akauliza bila kunyanyua kichwa.

"Mtoto mzima. Ni mimi."

"Leo kliniki ya watoto."

"Naumwa nyonga tangu nimejifungua."

"Mlete mtoto apimwe uzito."

Kitufe akavuliwa, akatiwa kwenye mzani, akapiga mateke, akasifiwa. Uzito mzuri, ngozi nzuri, kitovu kimepona vizuri. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akapiga muhuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hongera mama, unalea vizuri. Mwingine!"

"Dada, na mimi?"

"Wewe una nini tena?"

Nyuma yake foleni ikaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Wengine wanapenda kudekezwa," na mwenzake akasema, "Mwache, mzazi wa kwanza huyo." Fundi hakugeuka, si kwa sababu ya ustaarabu. Kugeuka kulikuwa kunauma.

Alikaa kwenye benchi mpaka saa saba ndipo daktari akampokea. Alikuwa kijana, shati lake limepigwa pasi vizuri, Fundi aliuona mshono wa kola na kuukubali.

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Ulipigwa?"

"Hapana. Wakati wa kujifungua, wauguzi wawili walinishika kila mmoja mguu wake, wakavuta huku na huku kama wanafungua mkasi. Nikasikia kitu kimelia ndani."

"Uchungu wa uzazi una mambo mengi," daktari akasema. "Tupige picha."

Picha inalipiwa kwanza. Fundi akalipa pesa aliyotunza ya kununulia nyuzi. Wakamlaza chali juu ya meza baridi, wakamwambia asitikisike. Hakutikisika. Akilala bila kutikisika haumwi, shida yake yote inaanza akitikisika, lakini hilo hakuna aliyemuuliza. Daktari akainua picha dirishani, akaitazama muda mfupi tu, akaandika, akagonga muhuri wa zambarau.

"Furahi mama. Huna mvunjiko. Mifupa mizima kabisa."

"Sasa kinachoniuma ni nini?"

"Pumzika. Usifikirie sana. Meza hivi vidonge."

Fundi akashika karatasi. Alisoma maneno mawili, akayasoma tena. Halafu akasimama kwa kujivuta kwenye meza ya daktari, vitu vikatikisika, daktari akaushika mkebe wa kalamu usianguke. Aliushika mkebe. Mtu aliyekuwa anaanguka mbele yake hakumshika.

Kwenye korido, mlango wa kutokea una kizingiti kirefu kama kiganja. Hapo alikwama. Mguu ulikataa kunyanyuka. Alisimama ameegemea ukuta, watu wanampita kushoto na kulia kama nguzo, mpaka mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, akatoka chumba cha mwisho kinachowekwa magongo mabovu na magodoro ya zamani.

"Wewe mwenye mtoto. Simama kwa mguu mmoja."

"Siwezi."

"Ukigeuka kitandani?"

"Kama napasuliwa."

"Ngazi?"

"Napanda kwa makalio."

"Kazi yako nini?"

"Cherehani. Ya kukanyaga."

Yule mama akafumba macho kidogo kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Njoo ndani," akasema. Akamshika kiuno, akamvusha.

Yeye ndiye mtu wa mazoezi ya viungo. Alimbonyeza mbele, akambonyeza nyuma, akamwambia anyanyue mguu mmoja akiwa amelala, mguu ukabaki pale pale. Akambana nyonga kwa mikono miwili kutoka pembeni, akasema nyanyua tena, na mguu ukanyanyuka. Fundi aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Hujavunjika. Umelegea pale mifupa ya nyonga inapokutana," yule mama akasema. "Picha wamekupiga umelala. Mlango wenye bawaba mbovu ukiukuta umefungwa utasema mzima. Wewe si mvivu, na si kichaa. Wapo wengi kama wewe. Wengi wanapona, lakini si kwa wiki moja, na si kwa kujikaza."

Fundi alidhani atalia. Badala yake akashikwa na hasira, ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Maswali manne tu. Muda wa kumenya kitunguu. Wiki saba, na mume, na mama mkwe, na foleni nzima, na daktari mwenye kola iliyonyooka, hakuna aliyekuwa na muda wa kumenya kitunguu.

"Niandikie, mama. Nakuomba. Jumamosi wananichukulia mtoto."

Yule mama akaandika, nusu karatasi, maandishi makubwa: avae nguo ameketi, akigeuka kitandani abane magoti yote mawili, asikanyage cherehani kwa sasa, asibebe ndoo, afungwe kitambaa kipana chini, usawa wa nyonga, si tumboni, afanye mazoezi haya matano. Akatia sahihi. Muhuri hakuwa nao. Muhuri ni wa daktari, na daktari, wakaambiwa walipokwenda kugonga mlango, keshaingia chumba cha upasuaji na akitoka anaondoka. Arudi Jumatatu.

*

Makanika alizisoma karatasi kwa sauti, mama yake ameketi kitandani na Kitufe mapajani.

"'Hakuna mvunjiko. Mifupa ni mizima.'"

"Rudia."

"Mama, umesikia."

"Nataka na yeye asikie."

"Nimesikia, mama," Fundi akasema. "Na ile nyingine aisome."

Makanika akaisoma nyingine, yote, mpaka mazoezi. Alipomaliza mama yake akanyoosha mkono akaichukua, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii haina muhuri."

"Jumatatu nitaupata. Ningoje mpaka Jumatatu tu."

"Karatasi bila muhuri hata Spika anaweza kuandika. Tulielewana au hatukuelewana?"

"Mama, mimi nilikubali karatasi. Sikukubali kupokonywa mtoto."

"Nani anapokonya? Huyu damu yangu!" Sauti ya mama mkwe ilipanda, halafu ikashuka, na aliposema tena alikuwa anamtazama mtoto. "Unadhani mimi sikuumwa? Niliumwa. Nikanyamaza. Kama mimi niliweza kunyamaza, kwa nini wewe ushindwe?"

Fundi akaelewa. Mwanamke huyu alikuwa anajua. Alijua kabla ya karatasi, kabla ya picha. Na bado kopo alilinunua.

Ijumaa jioni mama mkwe alishuka bombani kuoga. Makanika akaichukua ile nusu karatasi, akaisoma tena kimya, akachukua kipande cha kitambaa cha sare.

"Simama nikufunge."

Akapiga magoti, akakizungusha usawa wa nyonga, akavuta.

"Hapo?"

"Chini kidogo."

"Hapo?"

"Kaza."

Akakaza kama anavyokaza kitu gereji, anavuta, anapima kwa kidole, anavuta tena. "Hebu tembea." Fundi akatembea. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Iliuma, lakini hakukwama, na sauti haikumtoka. Makanika alibaki amepiga magoti, anatazama miguu ya mkewe.

"Kumbe bolti zimelegea tu," akasema polepole. "Fremu nzima, bolti zimelegea. Mbona hukuniambia hivyo?"

"Nilikwambia."

"Hukusema hivyo."

"Nilisema naumwa. Ulitaka niseme kwa lugha ya gereji?"

Makanika akajipangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Basi umeona," Fundi akasema. "Mwambie mama yako ulichokiona."

"Nitamwambia."

Viatu vya mama mkwe vilisikika vinapanda. Kitambaa kikafunguliwa haraka, sijui kwa nini, kama vile walikuwa wanaiba. Wakala. Wakalala. Hakumwambia.

*

Jumamosi basi linaondoka saa tatu. Saa mbili begi lilikuwa mlangoni. Ndani yake zilikuwa fulana sita na kofia mbili ambazo Fundi alizishona mwenyewe kabla tumbo halijawa kubwa, na juu kabisa lile kopo, likavimbisha zipu isifunge.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, kwenye ukuta wa mbali. Alimnyonyesha Kitufe mara ya mwisho, kama walivyoiita wao, halafu mama mkwe akaja akamchukua, taratibu, shingo ameishika vizuri, maana mikono yake ilijua kazi. Akaenda naye mpaka mlangoni. Zipu ikamshinda. Akamgeukia mwanawe.

"Mshike nifunge hili."

Makanika akampokea mtoto. Mama yake akainama juu ya begi, akalibana kwa goti, akavuta. Kitufe akageuza kichwa kwenye shati la baba yake, akatafuta, akakuta vifungo, akaanza kulia. Maziwa yakamtoka Fundi bila kuulizwa, yakalowesha gauni pande zote mbili, na yeye hakujifunika.

Akaweka mikono godoroni. Akabana magoti, akanyanyuka. Alishika kichwa cha cherehani, akapiga hatua moja. Mguu wa kulia ukakwama pale pale. Kati yake na mlango zilikuwa hatua nne. Kwa mtu mwingine yeyote katika nyumba ile, hatua nne si kitu.

"Mama," akasema. "Mimi sikuchukii. Umenifulia, umenipikia. Lakini uliumia ukanyamaza, na leo unataka na mimi ninyamaze ili kunyamaza kwako kuwe na maana. Sinyamazi. Nitapiga kelele kwenye ngazi, nitapiga kelele kitandani, mwalimu asikie, Spika asikie, waseme nimelewa. Naumwa. Nalea mtoto na naumwa, vyote viwili."

Mama mkwe hakunyanyua kichwa. Mkono wake ulisimama kwenye zipu, halafu ukavuta, na zipu ikafunga.

"Twende," akamwambia mwanawe. "Basi linajaza."

Makanika hakwenda. Hakurudi pia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, mtoto analia kifuani, na kwenye korido milango miwili ilishafunguliwa kidogo, kiasi cha jicho.

"Baba Kitufe," Fundi akasema. Hakupaza sauti. "Jana umepiga magoti hapa, umeona kwa macho yako. Sitaki umwambie mtu yeyote kitu, kama mdomo mzito. Nataka jambo moja. Niletee mtoto hapa. Mimi siwezi kuja huko."

Makanika akamtazama mtoto. Akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa na begi mkononi.

"Niletee," Fundi akasema.